Baridi ya Julai Ndani ya Karakana ya Mabati

Julai ikifika, Ruiru na Thika huweza kukaa siku nzima bila kuliona jua. Karakana za nyumbani, hasa za mabati zilizoegemezwa ukuta wa ua, huwa baridi ajabu asubuhi. Seremala ndiye hulijua hilo zaidi: gundi nyeupe hukataa kushika vyema halijoto ikikaribia nyuzi 10, na vidole vilivyokufa ganzi havifai kusogea karibu na msumeno.

Wengi hukimbilia jiko la makaa. Nasema waziwazi: jiko lisiingie karakana iliyofungwa, hata kama makaa yamekolea na moshi umekwisha. Hapo ndipo watu hudanganyika. Makaa mekundu bado hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, usingizi huja, na mtu hukosa nguvu za kuufikia mlango. Kufungua dirisha kidogo si kinga. Hita ya gesi nayo hutoa mvuke unaotia vyuma kutu, na mwali wake ni hatari penye thina.

Inabaki stima. Hita ya wati 2,000 hula yuniti 2 kila saa, na joto lake hupaa likapotelea kwenye mabati. Yenye feni hupeperusha vumbi la mbao juu ya vanishi mbichi. Wafugaji wa kuku wana njia bora: taa nyekundu ya vifaranga, wati 250, hupasha kilicho chini yake, si hewa ya chumba kizima, na huchukua saa 4 kumaliza yuniti moja. Inamfaa fundi wa redio au cherehani, mradi ining'inizwe kwa mnyororo na holda iwe ya kauri.

Seremala asiitumie, kwa kuwa kioo chake hupata moto mkali na maranda hushika upesi. Yeye achukue hita ya stima yenye mafuta ndani, isiyo na waya mwekundu ulio wazi, aichomeke kwenye soketi ya ukutani, asiitumie na kebo ya kurefusha, na aizime kabla ya kufungua kopo la thina. Hita hiyo hupasha polepole, kwa hivyo aanze na dari ya plaiwudi chini ya mabati, kisha azibe mwanya wa chini ya mlango. Kuziba huko ni salama tu pale jiko limekwisha kutolewa nje kabisa.