Grass Roots: miaka 18 ya New Grass Revival katika diski mbili

Grass Roots ni mkusanyiko wa rekodi za bendi ya Kimarekani ya New Grass Revival. Ulitolewa na kampuni ya Capitol mwaka 2005, miaka kumi na sita baada ya bendi hiyo kuvunjika. Diski zake mbili zinapita katika historia yote ya kundi hilo, kuanzia albamu ya kwanza ya mwaka 1972 hadi ya mwisho ya studio ya mwaka 1989. Makusanyo mengi ya namna hii hulenga mnunuzi anayetaka nyimbo zilizovuma, basi. Kwa bendi hii njia hiyo isingefika mbali, kwani ni wimbo wake mmoja tu uliowahi kuingia katika arobaini bora za muziki wa kantri. Thamani ya mkusanyiko huu iko kwingine: ndani yake husikika muziki wenye kanuni kali ukipanuliwa na watu waliozijua kanuni hizo tangu utotoni.

Kanuni hizo ni za blugrasi, muziki wa nyuzi uliopata umbo lake katika miaka ya 1940 kwenye kundi la Bill Monroe, mpiga mandolini mzaliwa wa Rosine, Kentucky. Kundi lake liliitwa Blue Grass Boys, na kutoka hapo mtindo mzima ukapata jina. Mwishoni mwa 1945 alijiunga nalo kijana Earl Scruggs, aliyepiga banjo kwa vidole vitatu kwa kasi ambayo wasikilizaji wa redio hawakuwa wameizoea. Kuanzia hapo ala zikatulia kuwa tano: mandolini, banjo, fidla, gitaa na besi kubwa la kusimama. Hakuna hata moja iliyokuwa ya umeme. Sauti za kuimba zilikuwa za juu na kali, nyimbo zilikwisha ndani ya dakika tatu hivi, na kila mpigaji alipewa zamu fupi ya solo kabla mwimbaji hajarudi.

Ngoma hazikuwamo. Kazi yake iligawanywa kwa ala nyingine, na sehemu kubwa ikaangukia mandolini. Besi hushika pigo la kwanza na la tatu. Mandolini hujibu kwa pigo la pili na la nne. Mkono wa kulia hupita juu ya nyuzi zote nane kwa mkwaruzo mmoja mkali, na papo hapo vidole vya mkono wa kushoto hulegea bila kuacha nyuzi, hivyo sauti hukatika kabla haijalia vizuri. Kinachosikika ni mlio mkavu, karibu sawa na ule wa ngoma ndogo ya bendi. Anayetaka kuelewa New Grass Revival ilifanya nini na aanze kwa kusikiliza pigo hilo, kwa sababu sehemu kubwa ya mageuzi yake ilianzia kwenye mkono wa kulia wa mpiga mandolini.

Bendi hii haikuwa ya kwanza kuvuka mipaka ya blugrasi. Country Gentlemen wa Washington walikuwa wakiingiza nyimbo za mjini katika orodha yao tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndugu wawili, Jim na Jesse McReynolds, walirekodi albamu nzima ya nyimbo za Chuck Berry mwaka 1965. Osborne Brothers walitumia ngoma na ala za umeme, wakalaumiwa sana kwa hilo. Lakini wote hao walichukua kitu cha nje na kukivika vazi la blugrasi. New Grass Revival ilibadili namna ya kupiga yenyewe, na hilo ndilo lililowaudhi wahafidhina zaidi kuliko nywele ndefu za vijana wenyewe, ingawa nywele nazo zilisemwa.

Bendi ilizaliwa Kentucky mwaka 1971. Sam Bush, mwenyeji wa Bowling Green aliyezaliwa 1952, alikuwa mpigaji wa kundi lililoitwa Bluegrass Alliance pamoja na Courtney Johnson wa banjo, Curtis Burch wa gitaa na Ebo Walker wa besi. Mambo yalipoharibika kati yao na mpiga fidla wa kundi hilo, jina likabaki kwake na wao wanne wakaondoka. Bush, ambaye pia ni bingwa wa fidla, akawa ndiye mhimili wa kundi jipya, na ndiye mtu pekee anayesikika kutoka mwanzo hadi mwisho wa historia yake.

Albamu ya kwanza ilitolewa na Starday mwaka 1972. Ndani yake mlikuwa na Great Balls of Fire, wimbo wa roki ambao Jerry Lee Lewis aliuvumisha mwaka 1957 kwa piano. Kuuchagua hakukuwa mzaha. Wimbo ule umejengwa juu ya kasi na vishindo, na bendi ilitaka kuonyesha kwamba banjo na mandolini zinaweza kubeba vishindo hivyo bila piano wala ngoma. Katika albamu hiyohiyo mlikuwamo pia Prince of Peace, wimbo wa Leon Russell, mwanamuziki wa roki kutoka Oklahoma. Jina la Russell litarudi tena.

Walker hakudumu, na mwaka 1974 nafasi ya besi ikachukuliwa na John Cowan. Yeye alitoka kwenye roki moja kwa moja, akapiga besi la umeme na kuimba kwa sauti ya juu yenye nguvu za muziki wa Wamarekani weusi zaidi kuliko ukali wa milimani. Kwa kweli ujio wake ni mpaka mkubwa katika rekodi za bendi. Kabla yake kuna vijana mahodari wa blugrasi wanaopenda roki. Baada yake kuna bendi inayoweza kuimba roki bila kuigiza. Besi la umeme nalo lilikuwa na faida ya kiufundi: noti zake hudumu muda mrefu kuliko za besi la kusimama, kwa hiyo Bush alipata nafasi ya kuacha pigo la pili na la nne na kuchezesha mandolini katikati ya mapigo, kama wafanyavyo wapiga gitaa la ridhimu katika rege. Bush hakuficha mapenzi yake kwa muziki wa Jamaika, na miaka kadhaa baadaye bendi ilirekodi One Love ya Bob Marley.

Kipindi hiki ni cha kampuni ya Flying Fish ya Chicago: Fly Through the Country mwaka 1975, When the Storm Is Over na Too Late to Turn Back Now mwaka 1977, Barren County mwaka 1979, Commonwealth mwaka 1981. Si albamu zote zenye ubora mmoja. Baadhi ya nyimbo za taratibu zimechakaa na mitindo ya utayarishaji wa wakati wake, na hapa mchujo wa mkusanyiko humsaidia msikilizaji. Lakini zile ndefu, ambamo kila mpigaji huachiwa solo lake hadi alimalize badala ya kupewa mistari minane na kukaa pembeni, hazijazeeka. Jukwaani baadhi ya nyimbo zilivuka dakika kumi. Wasikilizaji waliofaa kwa muziki huo hawakuwa kwenye matamasha ya zamani ya Kusini. Walipatikana Telluride, mji mdogo wa milima ya Colorado, ambako tamasha la blugrasi lilianza katika miaka hiyohiyo ya 1970 na ambako Too Late to Turn Back Now ilirekodiwa mbele ya watu.

Leon Russell aliwachukua kufungua maonyesho yake mwaka 1973, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akawafanya bendi yake ya kumsindikiza. Ziara hizo ziliwapa ukumbi mkubwa na pia ziliwachosha. Mwaka 1981 Johnson na Burch waliamua kuacha maisha ya barabarani. Bendi nyingi zingekufa hapo. Bush na Cowan waliita watu wawili wasiofanana kabisa na walioondoka: Pat Flynn, mpiga gitaa na mtunzi wa nyimbo, na Béla Fleck, kijana wa New York aliyezaliwa 1958.

Tofauti kati ya banjo mbili za bendi hii ndiyo sehemu ya mkusanyiko inayostahili kusikilizwa mara mbili. Banjo ya blugrasi ina nyuzi tano, na wa tano ni mfupi, umefungwa katikati ya shingo, hulia juu kuliko nyingine zote. Katika mtindo wa Scruggs, kidole gumba, cha shahada na cha kati hupokezana, na kwa kuwa vidole ni vitatu ilhali noti katika kila fungu la mapigo ni nane, mafungu ya tatu-tatu-mbili hujitokeza yenyewe. Mkazo huhama, na muziki husikika ukikimbilia mbele. Johnson alipiga ndani ya mfumo huo, akiuchanganya na mtindo wa kupanga noti za wimbo wenyewe uliositawi miaka ya 1960. Fleck alifanya zaidi. Alitumia gumba na shahada kwenye uzi mmoja, kama mpiga gitaa la jazi, akaweza kuingia katika ufunguo wowote na kutoka. Banjo ikaacha kutegemea nyuzi zinazolia wazi. Katika vipande vyake visivyo na maneno, kama Seven by Seven na Metric Lips, hesabu ya mapigo hubadilika njiani na kundi zima hupita bila kujikwaa.

Banjo yenyewe ina asili ya Afrika. Ilifika Marekani kupitia mikono ya watumwa kutoka Afrika Magharibi, waliokuwa wakitengeneza ala za nyuzi kwa vibuyu na ngozi, na kwa miaka mingi ilikuwa ala ya watu weusi kabla ya kuhusishwa na wazungu wa milimani. Mwaka 2005, mwaka uleule mkusanyiko ulipotoka, Fleck alisafiri na banjo yake hadi Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kupiga na wanamuziki wa huko. Tanzania alirekodi na Anania Ngoliga, mpiga ilimba na mwimbaji asiyeona. Safari hiyo ilizaa filamu na albamu, Throw Down Your Heart, jina lililotokana na Bagamoyo. Anayesikiliza diski ya pili ya Grass Roots baada ya albamu hiyo ataona kwamba Fleck wa Tanzania alikuwa tayari ameandaliwa na miaka minane ya kupiga pembeni ya Bush, ambako mpiga banjo alilazimika kumsikiliza mwenzake kwanza.

Safu mpya ilitoa On the Boulevard kwa kampuni ya Sugar Hill mwaka 1984, kisha ikaingia katika kampuni kubwa: New Grass Revival mwaka 1986 chini ya EMI America, Hold to a Dream mwaka 1987 na Friday Night in America mwaka 1989 chini ya Capitol. Hapa matakwa ya redio ya kantri yanasikika. Nyimbo zimefupishwa, sauti ya Cowan imewekwa mbele. Kuna Ain't That Peculiar ya Marvin Gaye, jaribio lenye ujasiri, na kuna nyimbo za mapenzi ambazo bendi nyingine yoyote ya Nashville ingeweza kuziimba. Callin' Baton Rouge, utunzi wa Dennis Linde, ulifika nafasi ya 37 mwaka 1989. Miaka michache baadaye mwimbaji wa kantri Garth Brooks aliurekodi pamoja na wanabendi wenyewe, na toleo lake likapanda hadi nafasi ya pili. Upigaji ni uleule karibu noti kwa noti. Kilichobadilika ni jina lililoandikwa juu ya kasha.

Onyesho la mwisho lilikuwa usiku wa 31 Desemba 1989 huko Oakland, California, bendi ikiwafungulia Grateful Dead, bendi ya roki. Fleck alikwenda kuendeleza kundi lake la Flecktones, Bush akajiunga na mwimbaji Emmylou Harris. Johnson alifariki mwaka 1996. Mwaka 2020 bendi iliingizwa katika ukumbi wa heshima wa blugrasi, miongoni mwa wale ambao mashabiki wao waliwahi kudai kwamba hii si blugrasi hata kidogo.

Kutengeneza mkusanyiko wa bendi iliyopita kampuni kadhaa si kazi ndogo. Rekodi mama hubaki mali ya kampuni iliyogharimia studio, na kila wimbo unaotoka nje ya milki ya mtoaji huhitaji kibali na malipo. Ndiyo maana makusanyo yaliyotangulia, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaliegemea albamu za miaka ya mwisho ambazo haki zake zilikuwa mkononi tayari. Aliyeyanunua alipata bendi ya Fleck na Flynn, na hakujua kwamba kulikuwa na nyingine kabla yake. Kosa hilo la kihistoria ndilo Grass Roots ililoondoa.

Kisichoweza kutosha ndani ya diski mbili ni urefu wa jukwaani. Kwa hilo kuna Too Late to Turn Back Now kwa safu ya kwanza, na Live, iliyorekodiwa Toulouse, Ufaransa, mwaka 1983 na kutolewa na Sugar Hill mwaka 1989, kwa safu ya pili.