Kazi ndogo za mikono katika jamaa

Tukipita katika vijiji vyetu na katika mitaa ya miji yetu, toka Bukavu mpaka Lubumbashi, twaona watoto wengi ambao hawakununuliwa kichezeo hata kimoja dukani, nao wanacheza toka asubuhi mpaka jua kuchwa. Huyu anasukuma gari la waya. Yule amefunga mgongoni mtoto wa majani makavu ya mgomba. Wale wengine wanapiga mpira wa matambara. Ni nani aliyewafundisha? Mara nyingi ni ndugu zao wakubwa, wala si wazazi. Sisi wazazi twapita kando yao tukisema: «Hayo ni mambo ya watoto tu.» Leo twataka kulitazama neno hilo vizuri, kwa sababu katika mambo hayo ya watoto imo shule nzima, nasi twaiacha bila mwalimu.

AKILI HUPITIA VIDOLENI

Watu wenye hekima walikwisha kuona zamani kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mikono kabla ya kujifunza kwa maneno. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyewapa watoto wadogo shule yao ya pekee na kuiita «bustani ya watoto» mwaka 1840, aliwapa vipande vya mbao vya kujengea, akawafundisha kukunja karatasi na kusuka. Baada yake, tarehe 6 Januari 1907, mganga wa kike wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, mahali palipokaa watu maskini. Aliona jambo lililomshangaza: watoto waliviacha vichezeo vizuri walivyoletewa, wakapendelea kazi za kweli, kama kufagia, kumimina maji, kufunga vifungo na kupanga vitu kwa ukubwa wake.

Sisi walimu twayaona mambo hayo hayo kila mwanzo wa mwaka wa shule. Mtoto aliyezoea nyumbani kufinyanga udongo, kusuka majani na kufunga fundo, vidole vyake vinashika kalamu bila taabu. Mtoto aliyezoea kugawanya mbegu katika matundu haogopi hesabu. Na yule ambaye baba au mama amezungumza naye wakati wa kufanya kazi, huyo huja na maneno mengi kinywani: kirefu, kifupi, kizito, kilichopinda, cha kwanza, cha mwisho. Maneno hayo hayakutoka kitabuni. Yalitoka barazani kwao.

Siku hizi lakini limeingia jambo jingine katika nyumba zetu, hasa mijini. Mama amechoka, mtoto analia, basi mama anampa simu atazame picha. Mtoto ananyamaza. Hatuwalaumu akina mama, maana twajua uzito wa kazi zao. Lakini tuseme kweli: simu humnyamazisha mtoto, wala haimsikilizi. Mtoto hujifunza kusema kwa sababu yupo mtu anayemjibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa shauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka 2 asiketi akitazama picha za namna hiyo, na yule wa miaka 2 mpaka 4 asizidi saa 1 kwa siku. Saa zinazobaki tutazijaza kwa nini? Hapa ndipo kazi ndogo za mikono zinapotufaa.

KAZI TANO ZISIZO NA GHARAMA

Udongo wa kufinyanga. Tafuteni udongo wa mfinyanzi kando ya mto, au udongo wa kichuguu. Uutwange, uondoe mawe na mizizi, utie maji kidogo kidogo, kisha uukande mpaka usishike vidoleni. Mtoto wa miaka 3 atafanya mipira na nyoka. Wa miaka 5 atafanya ng’ombe, chungu na watu wa nyumbani mwake. Kazi ikiisha, msiianike juani. Jua hukausha upande wa nje upesi, nao hujivuta wakati ndani kungali na maji. Ndiyo sababu vitu hupasuka. Viwekeni kivulini, chini ya kitambaa, siku kadha wa kadha. Wakati wa Noeli jamaa yaweza kufinyanga hivyo watu na wanyama wa pango, na kila mtoto apewe mmoja wa kuufanya. Desturi hiyo ya pango yakumbukwa tangu mwaka 1223, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipotengeneza hori huko Greccio.

Gundi ya muhogo. Kijiko 1 cha unga wa muhogo kikorogwe kwanza katika maji baridi kidogo, ili usifanye madonge. Kisha mama au baba amimine maji yanayochemka, huku akikoroga, mpaka uji uwe mzito na kung’aa. Ukipoa ni gundi nzuri kwa karatasi na kartoni. Fanyeni kidogo tu, maana huchacha upesi. Gundi hiyo ikichanganywa na makaa yaliyosagwa hutoa rangi nyeusi; ikichanganywa na udongo mwekundu au mweupe hutoa rangi nyingine mbili. Kwa rangi hizo tatu na kipande cha kartoni, mtoto ana kazi ya alasiri nzima.

Gari la waya. Kazi hii yawafaa watoto wa miaka 7 na zaidi, pamoja na kaka au baba. Waya hukunjwa kuwa mwili wa gari. Vizibo vya chupa, au duara zilizokatwa katika kandambili kuukuu, huwa magurudumu. Waya mrefu huinuka mpaka mkononi mwa mwenye gari, apate kuligeuza kuume na kushoto akitembea. Wengine hujenga juu ya mkebe wa sardini. Hapo mtoto hujifunza bila kuambiwa kwamba tundu lisipokuwa katikati, gurudumu hurukaruka. Na asidhani kwamba hayo ni mchezo mtupu. Huko Goma, watu wazima husafirisha mizigo mizito juu ya chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, ambacho mafundi wa huko hukichonga kwa mikono yao. Mji wenyewe umekisimamishia sanamu.

Mchezo wa mbegu. Mchezo wa bao wa watu wazima, au igisoro kama wasemavyo ndugu zetu wa Rwanda, una safu 4 za matundu 8, na mbegu 64. Kwa watoto chimbeni mchangani safu 2 za matundu 6, kila tundu litiwe mbegu 4. Je, zote ni ngapi? Waacheni wahesabu wenyewe mpaka wafike 48. Kila mchezaji huzitwaa mbegu za tundu lake moja na kuzipanda moja moja katika matundu yanayofuata. Polepole mtoto ataanza kuhesabu kwa macho kabla ya kuugusa mchezo: hiyo ndiyo hesabu ya kichwani.

Ubao wa ukoo. Kazi hii twaipenda kupita zote. Wazee wa Kiluba, katika Katanga, walikuwa na ubao uitwao lukasa, wa kiasi cha kushikwa mkononi, uliopambwa kwa shanga na kombe. Watu wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto, wakapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, wakieleza habari za wafalme na safari zao na mahali walipopita. Hatusemi kwamba ubao wetu wa nyumbani ni lukasa. Ule ulikuwa wa watu waliofundishwa kazi hiyo. Lakini twaweza kuiga hekima yake. Twaeni kipande cha ubao au cha kartoni nene. Bandikeni kwa gundi punje kubwa ya mahindi kwa ajili ya babu, nyingine kwa ajili ya bibi, maharagwe kwa ajili ya baba, mama, shangazi na wajomba, na jiwe dogo kwa kila kijiji ambamo jamaa ilikaa. Kisha mtoto apitishe kidole, nanyi mumwambie: «Hapa ni babu yako, mzaa baba, alikuwa mhunzi. Hapa ni kijiji tulichokiacha wakati wa vita. Huyu ndiye bibi uliyepewa jina lake.»

Wasomaji wetu wengi, hasa wa Kivu, walikimbia makwao bila kuchukua picha wala karatasi. Watoto waliozaliwa kambini au mjini hawajui mto wa kwao waitwaje. Mzee akifa, jina la mto lafa naye. Ubao huo hauna bei, lakini nani atasema kwamba ni mchezo tu?

TUANGALIE HATARI

Kazi ni njema, lakini mzazi asilale macho. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hutia kila kitu kinywani, na maharagwe huyasukuma hata puani. Basi asiachwe peke yake na mbegu, vizibo wala mawe madogo.

Zipo mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, nzuri sana kwa shanga. Msiwape watoto kabisa, kwa maana ikitafunwa, sumu yake yaweza kuua. Mbegu za mbarika vilevile. Betri za zamani zisivunjwe kwa kutafuta rangi nyeusi. Na zile ndogo za duara zenye kung’aa, mtoto akimeza moja huunguza koo kwa muda wa saa chache tu. Akimeza, apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana. Madini ya risasi yaliyomo katika betri ya gari, na mara nyingine katika rangi kuukuu za nyumba, huharibu akili ya mtoto. Mikebe ikatwe na mtu mzima, na kingo zake zikunjwe kwa koleo.

BABA NA MAMA WAWEPO

Twafika sasa penye jambo lililo kubwa kuliko udongo na waya. Kichezeo kizuri kitaoza au kitavunjika. Saa ile baba alipoketi chini pamoja na mwanawe, hiyo haivunjiki.

Yupo baba anayesema: «Kazi ya mtoto ni kusoma, asinipotezee wakati kwa takataka.» Akiliona gari la waya mlangoni, alipiga teke. Twamwambia kwa heshima: baba, ulichopiga teke si takataka. Ni kazi ya siku tatu. Mwanao alipima, alikosea, alianza tena, akamaliza. Je, si hayo unayotaka ayafanye shuleni? Yupo mwingine anayesema kwamba kukaa na watoto wadogo ni kazi ya wanawake. Huyo na awatazame Wakuba wa Kasai: wanaume hufuma nguo ya rafia, wanawake huidarizi kwa nakshi zijulikanazo duniani kote. Nguo ni moja, mikono ni ya wote. Na wasichana wapewe koleo na waya, na wavulana wapewe sindano na uzi. Kila mmoja atazihitaji zote.

Mkiketi pamoja nao, shikeni mambo matatu. La kwanza, msimnyang’anye mtoto kazi mkononi ili kuirekebisha. Ng’ombe wake akiwa na miguu mitano, muulize huo wa tano ni wa nini, naye atakujibu neno la kukuchekesha. La pili, msilinganishe kazi ya mmoja na ya ndugu yake, maana husuda huanzia hapo. La tatu, kazi iliyokwisha ipewe mahali pake, dirishani au juu ya sanduku, na mgeni aonyeshwe. Mtoto anayeona kwamba kazi yake yaheshimiwa, naye atajifunza kuiheshimu kazi ya mwingine.

Mtatuuliza: wakati twautoa wapi? Hatuwaombi siku nzima. Dominika alasiri, saa 1 tu, watu wakiisha kula na jua likianza kupoa. Au jioni katikati ya juma, wakati mama anachambua maharagwe na baba anatengeneza jembe: mtoto apewe maharagwe yake kumi na kipande chake cha mti, akae karibu. Umoja wa Mataifa, katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, fungu la 31, ulikubali kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haki hiyo haihitaji fedha za serikali. Yahitaji mkeka, udongo kidogo, na mtu mzima aliye tayari kuchafua vidole vyake.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Basi, wazazi wapenzi, Dominika hii itakapofika, ulizeni watoto wenu ni wapi kando ya mto penye udongo mzuri. Wao wanapajua. Wafuateni.