Kweli au Uongo: Tingatinga Likiingia Penye Mbega

Kericho haikosi mjengo. Leo barabara inapanuliwa, kesho mtaro unachimbwa, na mpenda matembezi ya jioni chini ya miti ya zamani, kama ile ya bustani ya Chagaik iliyopandwa miaka ya 1940, anajua inavyokuwa kukuta njia imezibwa na rundo la kokoto. Hapo ndipo wajuaji huanza kutoa hukumu kuhusu miti na wanyama wake. Bila shaka umewasikia.

"Mbega ni mnyama wa juu, barabara haimhusu." Uongo. Kweli anakula majani huko juu, na vidole vyake vinne, bila gumba la maana, hunasa tawi kama ndoano. Ila husafiri kwa kurukia matawi yaliyokaribiana. Fyeka miti pande zote mbili za lami, naye itambidi ashuke avuke kwa miguu, mbele ya matatu na mbwa. Watu wa Diani, kule pwani, wanalijua hilo vizuri: shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limetundika ngazi za kamba juu ya barabara ya ufuoni, na kima, tumbili na mbega huzipita. Basi ukisimama kando ya mjengo, inua macho. Kelele itaondoka na mkandarasi, pengo kati ya matawi litabaki.

"Ndege watazoea kelele." Nusu kweli. Mwaka 2003 watafiti wa Leiden, Uholanzi, waligundua kwamba ndege wadogo wa penye kelele huimba kwa sauti nyembamba zaidi ili wasikike. Si kila ndege anaweza hivyo.

"Kata mmoja, panda kumi, deni limekwisha." Uongo, hata wauza miche wakinuna. Hondohondo jike hutaga ndani ya shimo la mti mkubwa, kisha mlango huzibwa kwa udongo ukabaki ufa tu, na dume humlisha kupitia hapo kwa miezi kadhaa. Mche wa kimo cha goti una shimo gani? Na mikaratusi ya kuni za viwanda vya chai hukatwa kabla haijazeeka kiasi hicho.

"Ukifyeka kando ya mto, maji hugeuka tope." Kweli tupu. Wazee walisema, na utafiti wa Mau ya Kusini-Magharibi uliochapishwa mwaka 2020 ukaonyesha kwamba tope la mitoni hutoka zaidi kwenye ardhi iliyogeuzwa kutoka msitu kuwa mashamba. Udongo ulioachwa wazi na tingatinga haukwepi mvua ya alasiri ya Kericho.

"Mabati yakishazungushwa, raia hana la kusema." Uongo mtupu. Mti wa mugumo wa Waiyaki Way, Nairobi, ulikuwa uondolewe kupisha barabara ya Expressway. Watu wakapiga kelele, ukaokolewa Novemba 2020. Sheria ya mazingira ya 1999 inadai miradi mikubwa ifanyiwe tathmini na kupata leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Iulizie. Usiporidhika na leseni hiyo, una siku 60 za kwenda kwenye Mahakama Maalumu ya Mazingira.