Raia anapofungwa ugenini

Huduma za kikonseli kwa mfungwa ni msaada ambao serikali humpa raia wake aliyekamatwa, aliyewekwa mahabusu au anayetumikia kifungo katika nchi nyingine. Msingi wake ni Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kikonseli wa mwaka 1963, ulioanza kutumika 1967. Karibu nchi zote duniani zimejiunga nao, Tanzania na Kenya zikiwamo.

Ibara ya 36 ndiyo inayogusa mahabusu na magereza. Polisi wanaomkamata mgeni wanatakiwa kumweleza, bila kuchelewa, kwamba ana haki ya ubalozi wake kupewa taarifa. Akitaka, taarifa hiyo itolewe, na barua yake kwa ubalozi ifikishwe. Kisha konseli, yaani ofisa wa ubalozi anayeshughulikia raia, ana haki ya kumtembelea, kuzungumza na kuandikiana naye, na kumtafutia wakili. Asipotaka, konseli hukaa kando. Sharti hili lina busara yake, kwani wapo waliozikimbia serikali zao, na kwao mtu wa ubalozini ni tishio. Hata hivyo, nchi nyingine zimewekeana mikataba ya pande mbili inayolazimisha taarifa itolewe hata pasipo ombi la mfungwa. Ule wa Marekani na China wa mwaka 1980 unaweka kikomo cha siku 4.

Mkataba wa Vienna wenyewe haukutaja saa wala siku, na maneno hayo mawili, "bila kuchelewa", ndiyo yaliyozua kesi nzito. Ndugu wawili, Karl na Walter LaGrand, walizaliwa Ujerumani na kukulia Marekani tangu utotoni. Walikamatwa Arizona mwaka 1982 kwa mauaji yaliyotokea katika jaribio la kupora benki. Mamlaka hazikuwaambia kwamba Ujerumani ingeweza kuwasaidia. Walipoijua haki hiyo, kutoka kwingine, ilikuwa 1992, na walikuwa wamekwisha kuhukumiwa kifo. Walipoileta mahakamani walijibiwa kwamba wamechelewa, hoja hiyo ilipaswa kutolewa tangu mwanzo. Waliadhibiwa, kwa maneno mengine, kwa kutokudai jambo walilofichwa. Karl aliuawa Februari 1999. Tarehe 3 Machi, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague iliamuru hukumu ya Walter isitekelezwe kwanza, lakini ikatekelezwa siku hiyo hiyo. Mwaka 2001 Mahakama iliamua kwamba Marekani ilivunja mkataba, na kwamba haki ya Ibara ya 36 ni ya mtu mwenyewe pia, si ya dola peke yake.

Katika kesi ya Mexico dhidi ya Marekani, mwaka 2004, Mahakama hiyo ilieleza kwamba wajibu wa kumjulisha mshtakiwa huanza pale maofisa wanapotambua, au wanapokuwa na sababu ya kuamini, kuwa ni mgeni. Mwaka 2019, katika kesi ya India na Pakistan, ikaamua kwamba hata anayetuhumiwa kwa ujasusi hatolewi nje ya kinga hii.

Ziara ya kwanza ya konseli hushughulika na mambo yanayoonekana madogo. Jina linaandikwaje kwenye jalada? Pasipoti iko wapi? Kwa wafanyakazi wa ndani walioko nchi za Ghuba, mara nyingi iko kwa mwajiri. Je, anakula, amepigwa, dawa zake za kisukari amezipata? Amekwisha kutia saini karatasi yoyote, na aliielewa? Swali hili la mwisho pengine ndilo zito kuliko yote. Msemaji wa Kiswahili anayewekewa mbele maelezo yaliyoandikwa kwa Kiarabu au Kichina anaweza kukiri kosa kwa kalamu huku akidhani anakiri kupokea vitu vyake. Kumpata mkalimani siku ya kwanza kunaweza kumfaa kuliko wakili anayefika mwezi wa tatu. Jamaa zake hupewa habari kwa ridhaa yake tu.

Mipaka ya kazi hii huwaumiza sana jamaa, hasa wasipoelezwa mapema. Ibara ya 55 inamkataza konseli kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwenyeji. Hawezi kumtoa mtu gerezani wala kuielekeza mahakama, na kwa kawaida ubalozi haulipi faini wala gharama za wakili. Hutoa orodha ya mawakili, familia ikachagua. Anachoweza ni kuhudhuria kesi, kulalamikia mateso na kuombea msamaha. Pale sheria inaporuhusu diya, yaani fidia kwa familia ya aliyeuawa, mazungumzo na familia ya marehemu huwa na uzito kuliko rufaa. Mwaka 2025 Mkenya aliyehukumiwa kifo Saudi Arabia aliachiwa baada ya diya kulipwa, akiwa amekaa gerezani zaidi ya miaka 10.

Je, raia anaweza kuishtaki serikali yake isipomsaidia? Inategemea nchi. Ujerumani ina sheria ya 1974 inayowapa maofisa wake wajibu huo. Uingereza huuchukulia msaada huu kama sera tu. Afrika Kusini swali hilo lilifika Mahakama ya Katiba mwaka 2004, kupitia wananchi wake 69 waliozuiliwa Zimbabwe. Mahakama ilisema katiba haimpi raia haki ya kulindwa na dola akiwa nje, ila anayo haki ya kuomba, na serikali inawajibika kulitafakari ombi lake ipasavyo.

Pasipo na ubalozi, nchi huhudumiwa na ubalozi wake wa nchi jirani, au huiomba nchi rafiki iusimamie wajibu huo. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 zinataka mfungwa wa aina hiyo naye awezeshwe kuwasiliana na wanaomsimamia.

Baada ya hukumu, baadhi hurejeshwa kumalizia kifungo nyumbani. Kwa kawaida lazima hukumu iwe ya mwisho, kosa litambulike katika nchi zote mbili, na pande tatu ziridhie: nchi hizo mbili na mfungwa mwenyewe. Wengine humaliza kifungo huko huko, wakapelekwa kwenye kizuizi cha uhamiaji wakisubiri kuondolewa nchini. Hapo mtu aliyekwisha kutumikia adhabu yake anaweza kukaa wiki kadhaa zaidi kwa sababu tu pasipoti ilikwisha muda akiwa ndani. Kinachomfungulia mlango wakati huo ni hati ya dharura ya kusafiria, na anayeitoa ni ubalozi wake.