Posho Yetu, na Makapi Yanayouzwa Mkebeni

Maswali ya namna moja yametufikia kutoka matawi matatu, mawili ya mashamba na moja la kiwanda. Wenzetu wanauliza: je, ni kweli kwamba posho ni chakula kibaya, na kwamba watu wa Ulaya na Marekani wanaacha kula vyakula vya unga? Tulipofuatilia chanzo cha habari hizi tuliona kwamba zinatoka kwa jamaa zetu wanaoishi huko, waliopasuliwa ili kupunguza unene. Wakija nyumbani kwa likizo hawagusi posho wala mihogo. Wanakula samaki na mayai, tena kidogo kidogo, na asubuhi wanakoroga unga fulani wa mkebe katika glasi ya maji. Watu wakiona hivyo wanadhani huo ndio ulaji bora wa kila binadamu. Yafaa tulieleze jambo hili lilivyo, maana linahusu chakula ambacho chama kinajadiliana na waajiri juu yake.

Kwanza, operesheni hiyo si ya urembo. Hufanyiwa mtu mwenye uzito mkubwa mno, hasa ikiwa uzito huo umemletea kisukari au presha. Aliyeianzisha namna mojawapo ni Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Aliutenga mfuko wa chakula, akabakiza sehemu ndogo ya juu, kisha akaiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Siku hizi ipo pia namna nyingine, ambayo sehemu kubwa ya mfuko huo hukatwa na kutolewa kabisa, ukabaki kama bomba jembamba.

Mtu wa namna hiyo hushiba kwa vijiko vichache. Kwa kuwa nafasi ni ndogo, lazima kitangulie chakula cha kujenga mwili, yaani protini: samaki, mayai, maziwa, nyama laini, maharagwe. Kwa kawaida madaktari humtaka apate protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, kwani akikosa, mwili utaanza kula misuli yake wenyewe. Vyakula vya wanga kama posho na wali vingejaza kile kifuko kabla protini haijaingia. Na vitu vya sukari vina hatari yake: hukimbilia utumboni kwa haraka, mtu akatoka jasho, moyo ukaenda mbio, akahara. Hata hivyo chakula chake hakimtoshi, ndiyo maana anameza vidonge vya vitamini na madini maisha yake yote. Hiyo ndiyo sababu ya kuacha posho. Si kwamba posho ni sumu.

Sasa unga wa mkebe. Samaki, nyama, mayai na maziwa havina nyuzi hata kidogo. Tunaposema nyuzi tuna maana ya yale makapi ya mimea ambayo mwili wetu hauwezi kuyasaga, yakapita hadi mwisho na kukifanya choo kiwe laini. Aliyepasuliwa anakula kidogo, anakunywa maji kidogo, na anameza vidonge vya madini ya chuma, ambavyo navyo hufunga choo. Kwa hiyo anapata taabu chooni. Mara nyingi unga anaopewa hutokana na maganda ya mbegu za mmea uitwao isabgoli, ambao hulimwa zaidi India, katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan. Maganda hayo yakipata maji huvimba, yakawa kama ute mzito.

Hapo tunatoa onyo. Unga huo ukinywewa na maji machache unaweza kuvimba njiani na kuziba koo au utumbo. Hata aliyepasuliwa hauanzi mpaka daktari wake amruhusu. Tena unaweza kuzuia dawa nyingine zisiingie mwilini vizuri, kwa hiyo dawa humezwa kwa saa zake mbali. Basi mgeni akikugawia vijiko viwili vya zawadi, mshukuru lakini usinywe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba habari hizi za nyuzi zilipata nguvu duniani kwa sababu ya chakula cha watu wa Uganda. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyezaliwa Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na baadaye miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba maradhi mengi ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza yalikuwa haba kwa wanakijiji. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza vipimo vyao. Wasomaji wetu watacheka, lakini walipima choo. Cha wanakijiji wa Uganda kilikuwa wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa muda wa saa 36 hivi. Cha mabaharia wa Kiingereza na wake zao kilikuwa gramu 104, na chakula kilikaa tumboni saa 83. Tofauti aliiona katika sahani: upande mmoja viazi vitamu, maharagwe na nafaka zenye pumba zake, upande wa pili mkate mweupe na sukari.

Si kila alichokisema Burkitt kimethibitika. Lakini mwaka 2019 wataalamu waliotumwa na Shirika la Afya Duniani walikusanya uchunguzi wa miaka mingi, wakaona kwamba watu wanaokula nyuzi gramu 25 hadi 29 kwa siku hupatwa kidogo zaidi na maradhi ya moyo, kisukari na saratani ya utumbo mpana. Shirika hilo linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25. Katika Mulago hiyohiyo, kabla ya Burkitt kuanza mambo ya nyuzi, Daktari Hugh Trowell alikuwa akichunguza kwashakoo, ugonjwa wa watoto wanaolishwa wanga mtupu bila chakula cha kutosha cha kujenga mwili. Kwa hiyo yote mawili anayoyahangaikia yule jamaa aliyepasuliwa, protini na nyuzi, yalichunguzwa katika hospitali ya hapa kwetu.

Je, sisi tumwige? Mkata miwa anayeinama tangu alfajiri, mchuma chai mwenye kikapu mgongoni, mpakuzi wa magunia, wote hao huchoma nguvu nyingi, na wanga ndio kuni zake. Akiacha posho wakati hana nyama wala maziwa ya kuweka mahali pake, ataanguka mstarini. Mwenye kisukari ni habari nyingine. Huyo afuate maagizo ya daktari wake. Kwa wengi wetu wanga si adui. Tatizo ni kwamba tunaletewa wanga peke yake, tena uliovuliwa nguo.

Tazama kinachofanyika kinuni. Ili unga uwe mweupe, hindi linavuliwa ganda na kiini kabla ya kusagwa. Kinachobaki ni wanga zaidi. Nyuzi, mafuta na sehemu ya vitamini vimekwenda na pumba, na pumba hazitupwi: zinauzwa kulishia nguruwe na kuku. Kwa hiyo wenzetu wa Ulaya wanalipia makapi dukani, nguruwe wanapewa makapi bure, na mfanyakazi anapewa weupe. Tunajua kwamba wanachama wengine wenyewe wanapenda unga mweupe wa namba moja na kuudharau ule wa kahawia kama chakula cha jela. Neno posho lenyewe maana yake ya asili ni fungu la chakula alilopewa mfanyakazi, hata likageuka kuwa jina la chakula chenyewe. Kama ndilo fungu letu, tuna haki ya kuuliza limepunguzwa nini.

Upande wa protini jibu ni maharagwe. Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini gramu 20 na zaidi, na nyuzi si chini ya gramu 15. Hakuna mkebe unaoyashinda kwa bei. Lakini yawe maharagwe. Katika kambi moja tuliyoitembelea, ambayo hatutaitaja, mchuzi ulikuwa wa kuhesabu: wawakilishi wetu walihesabu punje kumi na tisa katika bakuli la mtu mzima. Dodo na majani mengine ya mboga, pamoja na dagaa, vinasaidia sana pale vinapopatikana.

Lakini tusiombe unga wa kahawia bila kufikiri. Unga wenye kiini chake una mafuta, na huharibika upesi kuliko ule mweupe. Na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu hushika ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hukaa zaidi katika ganda na kiini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya. Kwa hiyo tudai mahindi makavu, yaliyokaguliwa, yaliyosagwa karibuni, siyo mabaki ya ghala yaliyoandikwa jina jipya.

Tena nyuzi bila maji hufunga choo badala ya kukilainisha. Haifai kumpa mtu maharagwe na unga wa pumba kisha umfanyishe kazi juani bila pipa la maji safi. Vilevile choo. Katika viwanda vingine mfanyakazi, hasa mama, huomba ruhusa kwa msimamizi kama anayeomba mkopo, na wengine hujizuia mpaka kengele ya jioni. Kujizuia hivyo siku hata siku huleta choo kigumu na bawasiri, hata ukila vizuri namna gani.

Basi wawakilishi wa matawi wanaojitayarisha kwa majadiliano wasiandike tena neno “chakula cha mchana” peke yake katika madai yao. Waandike aina ya unga, usagwe lini, gramu za maharagwe makavu kwa kila mtu kabla ya kupikwa, idadi ya mapipa ya maji ya kunywa na mahali yatakapowekwa, na kwamba kwenda chooni hakukatwi katika mshahara. Kwa majuma mawili wapime wenyewe chakula kinachotolewa sasa, kwa mizani ya duka kama hakuna nyingine, na watuletee hesabu hizo kabla kikao cha kwanza na mwajiri hakijafanyika.