Gari Linalotikisika na Kusita: Tutazame Nini Kwanza?

Msimu wa karafuu ukaribiapo, wanachama wenye magari ya zamani ya petroli hutujia na lalamiko lile lile. Gari likisimama huku injini inakwenda, hutikisika kama mgonjwa wa homa, na pengine huzimika. Dereva akikanyaga mafuta, husita kwanza ndipo liondoke. Mtu wa mjini aweza kulivumilia gari la namna hiyo. Sisi hatuwezi. Karafuu mbichi zikilala ndani ya magunia hupata joto zenyewe na kuchacha, na zikija kuanikwa hukauka zikiwa nyeupe, zimenywea, hazina bei. Gari likikwama kilimani baina ya shamba na majamvi, hasara si ya petroli peke yake.

Twaeleza hapa namna ya kuutafuta ugonjwa huu kwa utaratibu. Mfano wetu ni Land Rover ya silinda nne, injini ya lita 2.25, iliyoanza kutiwa katika Series II mwaka 1958 na kuendelea hadi Series III. Gari jingine lolote la zamani lenye kabureta na pointi hutazamwa vivyo hivyo, ila vipimo vyake ni vyake.

Neno letu la kwanza: usiiguse skrubu ya kabureta. Mazoea ya wengi, gari likitikisika tu, ni kushika bisibisi na kuzungusha mpaka injini itulie kidogo. Aghalabu kabureta haikuwa na kosa lolote, na sasa inalo. Hapo makosa yamekuwa mawili, na la pili limelifunika la kwanza. Anza na umeme, kisha hewa, na petroli iwe ya mwisho.

Sikiliza mtikisiko wenyewe. Ukiwa na mpigo wa sawasawa, kama mtu achechemeaye, yamkini ni silinda moja isiyofanya kazi. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, uufunge ncha yake ya chuma igusane na mwili wa injini, kisha washa tena. Injini ikizidi kudhoofika, silinda hiyo ni nzima. Rudisha waya, ujaribu nyingine. Ukifika kwenye ile ambayo kuchomolewa kwake hakuleti tofauti yoyote, umempata mgonjwa. Fungua plagi yake na utazame rangi. Kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Nyeupe ni hewa nyingi au joto la kupita kiasi. Ikiwa imelowa oili, kuna kazi kubwa zaidi, na makala haya hayatoshi.

Pengo la plagi liwe kama milimita 0.75 hadi 0.80, na la pointi inchi 0.014 hadi 0.016. Pointi zilizoungua na kufanya vishimo hazipimiki vizuri. Zibadilishwe, pamoja na kondensa yake. Visiwani kwetu, hewa ya chumvi na unyevu huila kofia ya distribuuta pasipo mtu kujua. Ifute kavu, utafute ufa mwembamba mithili ya unywele. Usiku wa giza, fungua boneti injini ikiwa inakwenda: umeme unaovuja hujionyesha wenyewe kwa vicheche vya buluu.

Kuna jambo watu hulisahau, nalo ni nafasi ya valvu, ambayo kwa injini hii ni inchi 0.010. Petroli yenye risasi ilikomeshwa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti vya valvu katika injini hizi kuukuu. Viti vikilika, nafasi hupungua, valvu ya kutolea moshi haifungi sawasawa, na injini hutikisika. Mwenye gari hufurahi kwamba kelele za valvu zimepungua! Kimya hicho si cha kufurahia. Chukua geji upime.

Sasa hewa, na hapa ndipo tuonapo fedha nyingi zikipotea bure. Injini ikitikisika bila mpigo maalumu, mara juu mara chini, ivute choki kidogo ingali moto. Ikitulia, ilikuwa ikikosa petroli au ikiiba hewa mahali. Ikizidi kuwa mbaya, ilikuwa na petroli nyingi tayari. Wizi wa hewa hupatikana kwa maji ya sabuni: yapake kwa brashi kwenye maungio ya manifoldi, chini ya kabureta, na kwenye mipira yote. Mlio ukibadilika, au povu likinyonywa ndani, tundu ni pale. Wapo mafundi wanaotumia petroli kwa jaribio hili. Tusikubali, moto wa gari hauzimwi kwa kutahayari. Ikiwa gari lako lina servo ya breki, ukague mpira wake pia, maana ukipasuka huharibu mwendo wa injini na breki kwa pamoja.

Wenye kabureta ya Zenith 36 IV wana adui wao mahususi. Sehemu yake ya juu hupinda kwa joto na kwa kukazwa mno, na kijipete cha mpira kilichomo baina ya sehemu hizo mbili hukauka au husahaulika wakati wa kufungua. Injini ikawa haitulii, hata ufanyeje. Dawa yake ni rahisi: weka msasa laini juu ya kipande cha kioo, usugue uso uliopinda mpaka uwe sawa, utie kijipete kipya na gasketi mpya. Tumeona kabureta nzima zikitupwa kwa ajili ya kijipete hicho.

Gari linalosita likanyagwapo, lakini hutulia likisimama, litazamwe penginepo. Zima injini, ondoa mpira wa hewa, weka sigara mbali, uchungulie ndani ya kabureta huku ukivuta mtambo wa mafuta kwa mkono. Mchirizi wa petroli utoke papo hapo. Usipotoka, pampu ndogo ya ndani imechakaa au kitundu chake kimeziba. Ukitoka, chomoa upande wa kabureta ule mrija mwembamba uendao kwenye distribuuta, uunyonye kwa mdomo, uuzibe kwa ulimi. Ukipitisha hewa, kiwambo cha ndani kimechanika, nacho ndicho kinachowahisha moto unapokwenda kwa mafuta kidogo.

Petroli ya madumu huja na kutu na maji. Tazama bilauri ya kioo iliyo kwenye pampu. Maji hukaa chini, yakijitenga. Limwage, ulisafishe, na usiishie hapo: tangi nalo litolewe uchafu.

Yote hayo yakiwa sawa, na injini imepata moto, ndipo bisibisi ishikwe. Zungusha skrubu ya mchanganyiko polepole hadi injini iende upesi na laini kuliko kwingineko, kisha upunguze mwendo kwa skrubu ya pili mpaka kiasi cha mizunguko 500 kwa dakika.