Manzi wa Malaba Kuwa Askari Jela? Wacha Kucheka, Hii Hapa Njia

Ukikulia Malaba ama Busia, job za mtaa unazijua. Maboyz wanapiga boda, wanabadilisha pesa mkononi pale mpakani, ama wanashinda kwa maajenti wa forodha wakingoja malori. Madem ni saluni, mitumba na kuvusha nyanya. Sasa manzi akisema anataka kuwa askari jela, watu wanaangua kicheko. "Utashika wahalifu na hiyo mikono?"

Shida ni kwamba hiyo kazi haiwezi kwenda bila madem. Wafungwa wa kike hukaa kando na wanaume. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 2015, zile za Mandela, zinasema wasimamiwe na maafisa wa kike peke yao. Afisa wa kiume haingii upande huo kama hajasindikizwa na mwenzake wa kike. Na sio wamama tu wako ndani. Sheria ya Kenya inaruhusu mfungwa kukaa na mtoto wake mdogo hadi afike miaka 4.

Wengi wanadhani mwisho wa afisa wa kike ni hapo kwa wamama. Zii. Wanini Kireri aliwahi kuongoza Shimo la Tewa, ile jela kubwa ya wanaume kule Mombasa.

So unaingiaje? Njia ya kawaida ni ya konstebo. Tangazo likitoka, unabeba kitambulisho na cheti cha KCSE, unakimbia, unapimwa urefu, unakaguliwa mwili. Ukipita, unapelekwa chuo cha Magereza pale Ruiru. Wenye digrii huingia kama makadeti na wanaanzia juu. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hiyo ya pili ilishanipita. Lakini konstebo naye hupanda vyeo. Kuna pia njia ya michezo: ile timu ya voliboli ya madem wa Magereza imewahi kuwa bingwa wa Afrika.

Sasa mahali panauma. Uandikishaji wa vikosi vyetu ulikuwa hautaki manzi mwenye mimba, siku ile na hata wakati wa mafunzo. Cuzo wangu alienda kujaribu kikosi fulani pamoja na boyfriend yake. Alikimbia akawaacha wengi nyuma, halafu vipimo vikaonyesha ana mimba. Akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Jamaa, baba ya huyo mtoto, alipita na akaenda mafunzo.

Mtoto sasa anaenda shule. Cuzo anaamka saa kumi na moja asubuhi, anakimbia kandokando ya malori hadi Amagoro na kurudi. Anajua umri una mwisho wake, na anajua uandikishaji ni bure, kwa hivyo yule broka aliyemwitisha pesa "amsaidie" alimwacha hapo hapo stejini.

Usiku Busia, pale jela ya Korinda, lazima kuna dem ameshika funguo za upande wa wamama. Mbona asikuwe wa kwenu?